*RAMADHANI, SIKU YA 18: MPAKA ASIMAME TENA*



Alhamdulillah, Allah (s.w.) ametufikisha siku ya 18. Kumi la pili linakwisha, na keshokutwa usiku in sha Allah tunaingia kumi la mwisho. Huu ndio wakati wetu wa kupiga hesabu za zaka, kununua mchele wa Zakatul Fitr, na kumuuliza imamu maswali ambayo tulipaswa kuyauliza tangu Shaabani. Kwa hiyo darasa la leo linahusu mali. Linahusu pia jirani ambaye mafuriko yake hayajaisha, ingawa maji yalishaondoka zamani.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mnakumbuka Ramadhani ya mwaka 1445, yaani Machi na Aprili 2024? Zile siku za mwishoni, mto Rufiji ulijaa ukatoka kwenye kingo zake. Vijiji vya wilaya za Rufiji na Kibiti vikaingiliwa na maji, Muhoro na kwingineko. Mahindi na mpunga vikazama shambani. Idi ikawakuta watu wengi nje ya nyumba zao. Hawajakaa sawa, mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani upande wa Mafia na mvua zikaongezeka.

Sisi hapa msikitini tulichanga. Allah awalipe wote waliotoa. Yalipatikana magunia ya unga, maharage, mablanketi, nguo, mafuta ya kula. Mimi ndiye niliyesimama baada ya swala ya Ijumaa nikatangaza kwamba mchango umefungwa, Alhamdulillah tumefikia lengo. Watu wakaitikia takbiri, tukaenda nyumbani tumeridhika.

Neno hilo "tumefikia lengo" limenirudia mwaka huu, na nitawaambia kwa nini.

*Mzee wa kahawa*

Wote mnamjua mzee anayeuza kahawa nje ya msikiti baada ya tarawehe. Ana birika lake, jiko la mkaa, vikombe vidogo na kashata. Huswali safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu akichelewa kutoka, wateja wamekwenda. Ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja jina.

Wiki iliyopita baada ya Alasiri nilikaa naye barazani. Nikamuuliza, "Mzee wangu, kwenu wapi?" Akasema, "Rufiji, Ustadhi." Nikamwambia, "Ah, pole na mafuriko yale. Lakini Alhamdulillah yamepita." Akanitazama kidogo, akacheka, akasema, "Kwako yamepita, Ustadhi. Mimi bado niko ndani ya maji."

Akanieleza. Nyumba yake ya miti na udongo ilianguka usiku wa pili. Shamba la mpunga bondeni lilikuwa limebakiza wiki chache avune. Kuku walikwenda na maji, na mbuzi wanne aliowaokoa aliwauza wiki ile ile. "Kila mtu alikuwa anauza mbuzi wiki ile," akasema. "Ukienda gulioni, wauzaji mia, mnunuzi mmoja."

Sikilizeni sasa sehemu iliyonichoma. Watu wa Rufiji wameishi na mto ule tangu enzi za mababu. Wanajenga madungu shambani, vibanda vya juu ya nguzo, ili mtu alinde mazao na maji yakija yapite chini. Na maji yakishaondoka, wanapanda kilimo wanachokiita mlao, kwenye unyevu na udongo mpya ulioletwa na mto. Mafuriko hupiga, kisha huacha riziki nyuma yake. Mzee akaniambia, "Mwaka ule udongo ulioachwa ulikuwa mweusi, mzuri, sijapata kuuona vile. Nilisimama shambani kwangu nikautazama. Sikuwa na mbegu hata kibaba."

Mbegu zake alizila kwenye njaa ya wiki zile, na nyingine ziliozea ndani ya nyumba iliyoanguka. Unga wetu ulimfikia, na anatushukuru. Ulimlisha siku kumi. Lakini mbegu hatukupeleka, maana sisi tulikwishafunga mchango.

Ikabidi akope. Akapewa laki tatu na mfanyabiashara mmoja, kwa ahadi ya korosho za msimu unaofuata, kwa bei isiyofika nusu ya bei ya mnadani. Kule wanaita kangomba. Msimu ukaja, mikorosho ikashambuliwa na ubwiriunga, korosho zikawa chache, deni halikutosha. Salio likabebwa mwaka wa pili, safari hii mikorosho yenyewe ikawekwa rehani. Binti yake alikuwa kidato cha pili. Ada hakuna, lakini kuna sare, kuna chakula, kuna chumba cha kupanga karibu na shule. Akaacha. Sasa hivi ninavyoandika, yule binti anafanya kazi za ndani hapa hapa mjini, na baba yake anauza kahawa nje ya msikiti wetu.

Ndugu zangu, mto ulichukua nyumba, mpunga na kuku. Mbuzi, mikorosho na shule ya binti havikuchukuliwa na mto. Vilichukuliwa na miezi iliyofuata, wakati sisi tunasema yamepita.

*Hivi ndivyo yanavyokuwa*

Mwenye akiba akipata janga hutumia akiba yake, akajenga upya. Asiye na akiba huuza chombo anachofanyia kazi: jembe, mtumbwi, cherehani, ng'ombe wa maziwa. Na huuza siku ambayo kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Anapotaka kununua tena, kila mtu ananunua, bei iko juu. Hapo katikati ndipo anapofilisika. Kisha anakopa. Kisha anamtoa mtoto shule. Kisha anahama, na mke anabaki kijijini na wadogo. Mwaka wa tatu ukimwona mjini unadhani ni mtu aliyezaliwa fukara, kumbe alikuwa anatoa Zakatul Fitr kwa watu wanane wa nyumba yake.

Na haya hayakuanza jana. Wenye asili ya Unguja na Pemba miongoni mwenu mtakuwa mmesikia habari za tufani kubwa ya tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sultan Barghash. Kimbunga kile kiliipiga Unguja, kikazamisha meli bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa. Upepo wenyewe ulikuwa wa muda mfupi sana. Lakini mkarafuu unataka miaka sita, saba au zaidi mpaka uzae sawasawa. Wenye mashamba Unguja wangekula nini miaka yote hiyo? Wengi walizidi kuingia kwenye madeni, mashamba yakawekwa rehani. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda, mashamba ya Pemba yakapanuliwa, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Zaidi ya miaka 150 imepita na athari ya upepo ule bado ipo.

Na tuseme ukweli wote, maana Ramadhani si mwezi wa kuficha. Mashamba yale mapya yalihitaji mikono. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini magendo ya watu kutoka bara kwenda Pemba yaliendelea baada ya hapo. Hasara ya matajiri wa kisiwani iliishia kubebwa kwenye migongo ya watu ambao tufani haikuwahi kuwagusa. Tujifunze hapo: janga likiachwa lijiendee lenyewe, uzito wake unashuka chini, kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa dhaifu, mpaka umfikie asiye na mtu wa chini yake wa kumtupia. Leo umemfikia binti wa kidato cha pili.

Uislamu umekuja kuusimamisha uzito huo usishuke. Hebu tuone namna gani.

*Kwanza: msaada una kipimo, na kipimo chake si wiki mbili*

Katika Sahih Muslim kuna hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (r.a.). Alikuwa amebeba dhamana ya deni kwa ajili ya kusuluhisha watu, akaja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba msaada. Mtume akamwambia asubiri sadaka ifike. Kisha akamfundisha kwamba kuomba hakufai isipokuwa kwa watu wa aina tatu: aliyebeba dhamana kama yeye, aliyepatwa na janga likaangamiza mali yake, na aliyefikwa na ufukara mpaka watu watatu wenye busara katika kaumu yake wakashuhudia.

Tumtazame yule wa pili, aliyepatwa na janga. Anaruhusiwa kuomba mpaka lini? Mtume (s.a.w.) hakuweka idadi ya siku, wala hakusema mpaka maji yaondoke au mpaka ashibe. Maana ya maneno yake ni kwamba ameruhusiwa mpaka apate kitu cha kuyasimamisha maisha yake. Mpaka asimame.

Kama haki yake ya kuomba inaendelea mpaka asimame, basi wajibu wetu unaendelea mpaka hapo hapo. Mimi nilitangaza kwamba tumefikia lengo. Lengo la nani? Tulihesabu magunia, tukaona yametimia. Lengo alilotuwekea Mtume (s.a.w.) lilikuwa mtu, na mtu yule alikuwa bado ameanguka. Namuomba Allah anisamehe.

*Pili: deni la mtu aliyepigwa na janga*

Hapa nataka tusikilizane vizuri, kwa sababu mwenye kudai si lazima awe mtu wa mbali. Wengine tunaswali safu ya mbele.

Katika Suratul Baqara, aya ya 280, Allah (s.w.) ameamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki, apewe muda mpaka apate wepesi, na akatufahamisha kwamba kumsamehe kabisa ni bora zaidi kwetu. Aya hii imekuja mara baada ya aya za riba. Haikuwekwa hapo bure. Dhiki ya mdaiwa ndiyo mlango ambao riba huingilia: hukuweza kulipa mwaka huu, basi nyongeza, mwaka ujao nyongeza juu ya nyongeza.

Tena imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.) katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alisema, kwa maana, ukimuuzia ndugu yako matunda kisha yakapatwa na janga, si halali kwako kuchukua chochote kwake, utachukuaje mali ya ndugu yako bila ya haki? Na amekataza kuuza matunda mtini kabla hayajaanza kuonyesha kukomaa, kwa sababu hiyo hiyo: huenda Allah akayazuia, na mmoja wenu akawa amekula mali ya mwenzake bure.

Sasa pima biashara ya kangomba kwenye mizani hiyo. Mtu amelowa, ana njaa, nawe unanunua korosho zake kabla hata ua halijatoka, kwa bei ya kuonea, na zisipozaa deni linakua. Usiniambie walikubaliana. Mtu anayezama hukubali kushika hata panga. Kama kuna ndugu anafanya biashara hii, au ya mpunga, au ya karafuu, simtangazi wala simtaji. Nasema tu kwamba bado mwezi haujaisha, na mlango uko wazi. Nenda kwa imamu, mwonyeshe karatasi zako, muulize kipi ni haki yako na kipi si chako. Mtaji wako ni wako, na nyongeza irudishe.

Kuna habari njema kwa anayesamehe. Katika hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) ametuhadithia mtu aliyekuwa akiwakopesha watu, akiwaagiza wafanyakazi wake wampuuzie asiyeweza kulipa, akitaraji huenda Allah naye akampuuzia yeye. Alipokutana na Allah, Allah akampuuzia. Mtu mmoja, kwa tabia moja. Wewe unayesimama usiku kumi la mwisho ukiomba maghfira, una daftari la madeni nyumbani. Fungua daftari hilo kwanza.

*Tatu: zaka ina fungu lake*

Wengi wetu tunajua zaka ni ya mafukara na masikini. Ni kweli, lakini aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja mafungu manane, na moja ni *al-ghaarimiin*, wenye kuelemewa na madeni. Mujahid, mwanafunzi mkubwa wa Ibn Abbas (r.a.) katika tafsiri, alipoeleza ni nani hawa, aliwataja watu watatu: aliyechukuliwa mali yake na mafuriko, aliyeunguliwa na mali yake, na mwenye familia asiye na kitu akakopa ili awalishe.

Umeona? Mafuriko ndiyo mfano wa kwanza aliouleta. Mzee wetu wa kahawa ametajwa katika vitabu vya tafsiri zaidi ya miaka elfu moja kabla hajazaliwa, na sisi tunampita kila usiku tukinunua kikombe.

Swali linaloulizwa sana: mimi namdai mtu, naweza kumsamehe deni nikalihesabu kuwa ni zaka yangu? Wanachuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wamesema haitoshi, kwa sababu zaka ni kutoa na hapo hujatoa kitu. Kusamehe ni sadaka yenye thawabu kubwa, lakini zaka itoe. Unaweza kumpa zaka huyo huyo mdaiwa wako anayestahiki, bila sharti. Akichagua mwenyewe kukulipa kwa hiyo, hakuna ubaya. Ukiweka sharti kwamba akurudishie, imeharibika. Kila mtu ana hali yake, kwa hiyo muulize imamu kabla ya kufanya.

*Nne: kumrudisha mtu mahali pake*

Mwaka wa 18 Hijria, katika ukhalifa wa Umar (r.a.), Bara Arabu ilipigwa na ukame mkali mpaka mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu, *Aamur Ramada*. Watu wa majangwani wakakimbilia Madina. Umar aliwaandikia magavana wake walete chakula, akawa anasimamia mwenyewe vyungu vya kulisha watu, na akajizuia samli na nyama mpaka watu wapate. Sehemu hii tunaihadithia sana.

Ipo sehemu ya pili ambayo hatuihadithii. Zaka ya mifugo mwaka ule hakuikusanya, aliiahirisha mpaka watu wapate nafuu. Na mvua iliponyesha hakuwaambia, "Haya, yamepita, nendeni." Aliweka watu wa kuwasindikiza warudi makwao, wakiwa na chakula na wanyama wa kupanda. Kwa Umar, kazi ilikwisha pale mtu alipofika kwake na kitu mkononi.

Na kabla ya Umar kuna kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Ile miaka saba ya shida iliwafikia hata watoto wa Nabii Yaaqub. Katika aya ya 88 ya sura yake tunawaona wamesimama mbele ya mkuu wa Misri wasiyemtambua, wanasema dhiki imewagusa wao na watu wao, wamekuja na bidhaa duni, wanaomba wajaziwe kipimo na wapewe sadaka. Wajukuu wa Is-haq, vitukuu vya Ibrahim, wanaomba! Kwa hiyo usimdharau mtu aliyedhikika, wala usiseme kimoyomoyo kwamba yamempata kwa dhambi zake. Janga likishampata mtu, sisi kwetu ni mtihani wa kumsaidia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyekufa kwa kuzama na aliyeangukiwa na jengo ni katika mashahidi. Hiyo ndiyo hadhi yao kwa Allah, nasi tuwape hadhi yao waliobaki hai.

Na mtazame Yusuf alivyotoa. Katika safari yao ya mwanzo aliwajazia chakula, kisha akaagiza bidhaa walizolipia zirudishwe ndani ya mizigo yao kimya kimya, wakazikuta nyumbani. Hakuwapiga picha. Hakuwapanga foleni na bango nyuma yao.

*Tufanye nini, kuanzia usiku wa leo?*

1. *Fungua daftari lako.* Tafuta jina la mtu anayekudai muda kwa sababu ya janga: mafuriko, moto, ugonjwa, tope lililoshuka mlima Hanang Desemba 2023. Mpigie kabla ya Idi. Mpe muda, punguza, au samehe. Usimtumie ujumbe mfupi tu, mpigie asikie sauti yako.

2. *Zaka yako ya mwaka huu, tenga fungu la wenye madeni.* Kamati ya msikiti imekubali kupokea majina kwa siri kupitia kwa imamu. Deni litalipwa moja kwa moja kwa mwenye kudai, mtaji tu, bila riba.

3. *Uliza swali la mwaka wa tatu.* Ukikutana na mtu aliyepatwa na janga zamani, usimwambie "Alhamdulillah yamepita" kama nilivyosema mimi. Muulize: "Umesimama? Nini bado kimelala?" Huenda ni mbegu, huenda ni wavu, huenda ni sare ya shule.

4. *Mtoto kwanza.* Kama nyumbani kwako kuna binti wa kazi, keti naye umuulize alifika darasa la ngapi na kwa nini aliacha. Huenda jibu likakufungulia mlango wa Pepo ukiwa jikoni kwako.

5. *Mchango usifungwe.* Ndugu zangu wa kamati, napendekeza kila tunapochangia janga, nusu iende sasa hivi, na nusu iwekwe mpaka maji yaondoke, kwa ajili ya mbegu, vifaa na ada. Chakula kinamwokoa mtu asife, na mbegu inamwokoa asiwe ombaomba.

Na wewe uliyepigwa, unayesoma ujumbe huu ukiwa na deni linalokunyima usingizi: usijifiche. Hukuwa mvivu, wala Allah hajakusahau. Mtume (s.a.w.) amekuruhusu kusema hali yako mpaka usimame, basi sema kwa imamu. Aibu ni yetu sisi tuliokupita.

Leo jioni tutasikia njaa, lakini tunajua itaisha saa ngapi. Tutamsikiliza muadhini, tutashika tende, na njaa itakuwa imekwisha. Aliyepoteza kila kitu naye anangoja adhana ya kumwambia futari imefika, ila yeye hajui saa. Huenda wewe ndiye muadhini wake.

Mzee wa kahawa, in sha Allah, msimu ujao anataka kurudi kulima. Nilimuuliza anahitaji nini. Hakutaja nyumba wala pesa nyingi. Alitaja mikorosho yake itoke rehani, mbegu ya mpunga na ufuta, na binti arudi darasani. Nimepiga hesabu. Haifiki tunachotumia msikitini kwa futari ya wiki moja.

*Dua*

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye unayeteremsha mvua na ndiye unayeizuia. Warehemu waliokufa kwa maji, kwa tope na kwa upepo, uwaandike katika mashahidi. Walipe waliobaki badala iliyo bora. Waondolee madeni yao kwa halali yako. Watoe watoto wao kwenye kazi zisizo za umri wao uwarudishe kwenye elimu. Tusamehe sisi tuliotoa kidogo tukadhani tumemaliza. Tufanye tuwe sababu ya mtu mmoja kusimama kabla mwezi huu haujatuaga. Aamiin yaa Rabbal aalamiin.

Kesho in sha Allah, siku ya 19, baada ya Alasiri: adabu za itikafu kwa wanaojiandaa na kumi la mwisho. Majina ya wenye madeni yapelekwe kwa imamu mwenyewe, msiyaandike hapa kwenye kundi. Mtumie na mwenzako ujumbe huu, hasa yule mwenye daftari.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.